Maoni: Rubani hafunzwi hatari kwa karatasi tu

Hapa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, hakuna mzazi anayemkabidhi kijana pikipiki yenye abiria kwa sababu tu amesoma namna breki inavyofanya kazi. Kwanza kijana ashuke mlima wenye matope mara nyingi, mwenye ujuzi akiwa nyuma yake. Kwa nini basi rubani adaiwe kidogo kuliko huyo?

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Chini ya miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imeua watu 189 huko Indonesia.

Katika ajali zote mbili, kipima kimoja kilitoa habari ya uongo, na kompyuta ikawa inageuza bawa la mkiani ili kuinamisha pua ya ndege. Dawa inajulikana: kuzima swichi mbili za umeme wa bawa hilo, kisha kuligeuza kwa mkono, kwa gurudumu lililo kando ya goti la rubani. Baada ya ajali ya Indonesia marubani walikumbushwa hayo kwa maandishi. Wale wa Ethiopia walizima swichi. Lakini ndege ilikuwa na mwendo mkali mno, upepo ukalibana bawa, gurudumu likawashinda nguvu. Uzito kama huo mikono haiujui kwa kusoma.

Wako waliowalaumu marehemu. Mimi sikubali. Kosa la kwanza ni la Boeing, iliyotegemea kipima kimoja na kuwaficha marubani mtambo huo katika vitabu vyao. Novemba 2020, Marekani iliporuhusu ndege hizo ziruke tena, ilidai zirekebishwe na marubani wafanye mazoezi katika simuleta. Watu 346 walikuwa wamekwisha kufa.

Sisi hayo yanatuhusu. Vita au matope yakifunga barabara ya Walikale, ndege ndogo ndiyo njia. Zimewahi kutua hata barabarani, pale Kilambo, kubeba madini. Hazina kompyuta ile, lakini kila ndege ina chombo cha kusawazisha pua, nacho kinaweza kukwama. Na tangu 2006 mashirika yenye cheti cha Kongo yamekatazwa kuruka Ulaya, kwa sababu usimamizi wetu hauaminiki.

Tunaomba mamlaka ya usafiri wa anga ilazimishe kila shirika kuonyesha tarehe ambayo kila rubani wake alifanya zoezi hilo kwa mikono, katika simuleta au angani na mwalimu. Asiye na tarehe hiyo asibebe watu. Mama anayepanda ndege na mtoto mgongoni hawezi kumuuliza rubani swali hilo. Serikali imuulize kwa niaba yake.