Foklifti ya dizeli ndani ya godauni? Hapana

Kijana, ukipata kazi ya kuendesha foklifti pale Industrial Area, usiulize mshahara pekee. Uliza pia inatumia nini.

Ya dizeli ina mahali pake: yadi yenye matope, mvua, mizigo mizito. Mafuta yakiisha unajaza, unaendelea. Lakini ndani ya godauni lisilo na hewa ya kutosha, moshi unaishia kwenye mapafu yako, si ya mdosi aliye ofisini. Tangu 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanasema moshi huo husababisha saratani.

Ndiyo, ya umeme ni ghali kununua, na betri za asidi huchukua kama saa 8 kuchaji. Si zichajiwe usiku mkiwa mmelala?