Zinki ya Kafara: Elimu Isiyofika Kisimani

Mwaka jana nilizuru shule moja ya upili kusini mwa Kitui siku ambayo mafundi walikuwa wakiivuta pampu kutoka kisima kirefu. Maji yalikuwa yamekatika kwa majuma matatu, na wasichana walikuwa wakienda mtoni alfajiri kufukua mchanga. Pampu yenyewe, ya chuma kisichoshika kutu, ilitoka iking'aa kana kwamba imenunuliwa jana. Bomba la chuma lililoishikilia lilikuwa limetoboka kama chujio, tena karibu na kiungo hasa. Fundi alilaumu chumvi. Mwenyekiti wa kamati akamlaumu muuza mabomba. Nyuma yao walisimama watahiniwa wa kidato cha nne ambao, kwa maelezo ya mwalimu wao, walikuwa wamekwisha kumaliza somo la kemia ya umeme. Hakuna aliyefungua kinywa.

Chumvi ilichochea tu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hugeuka kuwa betri: iliyo dhaifu huyeyuka taratibu, na iliyo imara husalimika. Zinki ni dhaifu kuliko chuma, na chuma ni dhaifu kuliko shaba. Chuma kisichoshika kutu, licha ya jina lake, aghalabu hukaa upande wa shaba. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, na maji ya visima vingi vya Mutomo na Ikutha ni ya chumvi. Pampu ile, kwa ufupi, ilikuwa ikimla mwenziwe.

Mabaharia waliyaonja haya zamani. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika meli ya kivita iliyoitwa Alarm kwa mabamba ya shaba ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Walipoikagua baadaye waliona misumari ya chuma imelika na mabamba yamebanduka, isipokuwa pale ambapo karatasi ilibaki kati ya shaba na msumari. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy akapendekeza vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye shaba, viliwe badala yake. Hadi leo, vyuma vya boti vilivyo chini ya maji ya bahari hufungwa zinki ya namna hiyo, nayo hubadilishwa ikisha kulika nusu. Asiyejua huipaka rangi ili ipendeze, na papo hapo kinga ikatoweka.

Hapa ndipo mimi, mtu wa isimu, ninapoingilia mambo ya wanakemia. Mwanafunzi wetu hukariri jina la kipande hicho kwa Kiingereza, akalijaza kwenye karatasi ya mtihani na kulisahau. Ilhali Kiswahili kina neno kafara, yaani kitu kinachotolewa ili madhara yamwepuke mwingine. Mwambie fundi yeyote "zinki ya kafara" naye atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mabati yanayofunika nyumba za Wote na Kibwezi ni chuma kilichovikwa zinki. Yakikwaruzwa, zinki iliyo kandokando huendelea kuliwa kwanza. Mfano uko juu ya vichwa vya wanafunzi, nasi twawafundisha kana kwamba jambo lenyewe hutokea Ulaya tu. Isitoshe, TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Sikumbuki kuiona kwenye rafu ya shule yoyote niliyoitembelea Ukambani.

Wapo watakaosema kwamba mtihani huja kwa Kiingereza. Ni kweli, nami siombi ubadilishwe. Naomba kipindi kimoja. Mwalimu atie misumari mitatu katika chupa tatu za maji ya kisima cha shule: mmoja peke yake, wa pili umezungushiwa waya wa shaba, wa tatu umefungwa kipande cha zinki. Baada ya juma moja au mawili wanafunzi wawaeleze wanakamati, kwa Kiswahili na Kikamba, kilichotokea, na kwa nini bomba la plastiki, au hata kiungo cha plastiki kati ya bomba na pampu, kingewaokolea fedha.

Katika shule niliyoitaja, bomba jipya la aina ile ile limekwisha kuunganishwa na pampu ile ile, chuma kwa chuma, na kushushwa majini.