Baiskeli, Miamba Myekundu na Jina la Mtu

Atakaye kuyasoma majina ya nchi ya wageni na apande baiskeli. Aendaye kwa gari huipita alama ya barabarani kabla hajaisoma, na aendaye kwa miguu huzisoma chache mno kwa siku. Mpanda baiskeli, hasa yule anayetweta mlimani, huisoma kila alama mara tatu, maana hana haraka wala hana pa kwenda ila mbele.

Hayo niliyathibitisha katika jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, nilipoizunguka milima ya La Sal kwa baiskeli ya kukodi. Njia yenyewe huondokea mji mdogo wa Moab, ulio kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hupanda milimani, huteremka hadi bonde la Castle Valley, kisha hurudi mjini kando ya mto Colorado. Jumla ni kilomita zinazokaribia 100. Vijana wa huko huimaliza asubuhi moja. Mhadhiri aliyezoea kiti cha ofisi asiulizwe alichukua muda gani.

Chini ni jangwa. Miamba ni myekundu kama tofali lililochomwa, na wekundu huo kwa hakika ni kutu, yaani chembe za chuma zilizomo katika mchanga uliogeuka jiwe. Hakuna kibanda cha chai wala mama muuza ndizi. Maji utakayoyanywa ni yale uliyoyabeba. Lakini kadiri unavyopanda, joto hupungua, vichaka hugeuka miti, na miti hiyo hugeuka misitu ya magome meupe. Juu yake husimama vilele vya kijivu vinavyozidi mita 3,800, vilivyotokana na mawe yaliyoyeyuka yakapanda kutoka chini na kuganda kabla ya kuufikia uso wa ardhi. Nilishuka kwenye baiskeli mara mbili nikaikokota, na sioni haya kusema hivyo.

Katika kuikokota ndipo nilipoyatafakari majina. La Sal ni Kihispania, maana yake chumvi. Mapadri Domínguez na Escalante, waliopita pande hizo mwaka 1776, waliiandika milima hiyo kwa jina la chumvi. Colorado nalo ni Kihispania, la kuutaja wekundu. Moab limetoka katika Biblia, nchi iliyo mashariki mwa Bahari ya Chumvi. Utah limetokana na jina la Waute, wenyeji waliokuwapo kabla ya hao wote. Kwa siku moja, basi, miguu yangu ilipita katika lugha kadhaa.

Mteremko wa kuingia Castle Valley haukunipa nafasi ya kutafakari lolote ila breki. Mnara wa jiwe uitwao Castleton ulisimama kando kama mlinzi, vidole vyangu vikafa ganzi, na nilipoifikia barabara ya mtoni nilimshukuru Mungu kwamba ilikuwa tambarare.

Ni katika barabara hiyo, zikiwa zimesalia kilomita chache kufika mjini, ndipo lilipo korongo la Grandstaff. William Grandstaff alikuwa mtu mweusi, mfugaji wa ng'ombe, aliyefika huko mwaka 1877 na kuondoka mwaka 1881 baada ya kutuhumiwa kuwauzia wenyeji pombe kali. Korongo alikochungia liliitwa kwanza kwa tusi linalowahusu weusi, likafuatiwa na Bill, kifupi cha jina lake la kwanza. Katika miaka ya 1960 tusi lilibadilishwa likawa "Negro". Halafu mwaka 2017 bodi ya taifa inayosimamia majina ya mahali ikaamua liitwe kwa jina lake la ukoo.

Walikuwapo waliopinga, na baadhi yao walikuwa viongozi wa chama cha kutetea haki za weusi katika jimbo hilo. Walisema neno "Negro" si tusi, na likifutwa, mpita njia hatajua kamwe kwamba mtu mweusi aliwahi kuishi pale. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo nasimama na bodi, na sababu yangu si rangi bali ni Bill. Katika zama zile mzungu aliitwa kwa jina la ukoo, tena kwa heshima ya "Bwana", ilhali mweusi mzima aliitwa kwa jina la kwanza kama mtoto. Sisi Wakenya hatuhitaji kufunzwa jambo hilo: mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mtoto wa tajiri wake, naye akaitika. Kulifuta tusi ukambakiza Bill ni kuikata nusu ya mzizi.

Hofu ya wapinzani ingali na haki ya kujibiwa, lakini jibu lake liko katika vitabu vya shule na ramani za wageni, ambamo habari za mtu huyo zinaweza kuelezwa kikamilifu. Kibao cha barabarani hakina nafasi ya maelezo. Kina nafasi ya jina, na jina na liwe lake.

Niliiegemeza baiskeli kwenye jiwe, nikanywa maji yaliyokuwa yamesalia, nikalitamka jina hilo kwa sauti mara mbili, kisha nikapanda tena. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya magenge.