KUPANDA SI KAZI, KAZI NI KULEA

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Kupanda Miti, viongozi na wananchi hushika majembe. Katika shule, kwenye ofisi za matawi na mashambani, miembe na michungwa hupandwa kwa nyimbo na vigelegele. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini twauliza: ifikapo Septemba, ni mingapi iliyo hai? Wengi wetu hatuna jibu, kwa kuwa tangu siku ile hatukurudi kuitazama.

Tukumbuke kuwa nchi yetu haina majira mamoja. Huko Muheza mche hupata masika yote kujikita ardhini. Dodoma mvua hukoma karibu na mwezi huo huo wa Aprili, na mche uliopandwa siku ya sherehe huachwa ukabili kiangazi cha miezi saba. Bila mlezi, hauna budi kufa.

Malezi yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Shimo lichimbwe futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vema. Samadi mbichi isitumiwe, maana huunguza mizizi. Mche ukisha kupandwa, umwagiliwe maji, ndipo utandazwe nyasi kavu au majani kuuzunguka, unene wa sentimita 10. Matandazo hayo huzuia jua lisinyonye maji ya ardhini, huzuia magugu, na yakioza hugeuka chakula cha mti. Lakini yasiguse shina: yaachwe mbali kiasi cha shibiri moja, kwani yakiligusa huliozesha, na mchwa hupata njia.

Mvua zirudipo, mti ulishwe tena. Samadi isirundikwe shinani, kama tuonavyo mahali pengi, bali isambazwe chini ya ncha za matawi, maana huko ndiko iliko mizizi midogo inayokula. Na mche wa kubebesha ukitoa maua mwaka wa kwanza, yakatwe, ili nguvu zake ziende katika mizizi na matawi.

Lawama hii hatumtupii mtu mwingine, ni yetu sisi wanachama. Tumezoea kuandika katika taarifa zetu idadi ya miti iliyopandwa, tukajipongeza. Twashauri kwamba kila mti uwe na mlezi ajulikanaye kwa jina, na kila tawi liandike idadi ya miti iliyo hai mwisho wa kiangazi. Hesabu hiyo huenda ikatuaibisha mwaka wa kwanza, lakini itakuwa hesabu ya kweli.

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtoto wa mfanyakazi hatakula sherehe yetu. Atakula embe, kama tutaulea mwembe.