Vifaranga Bila Chanjo Si Msaada
Mimi sikubaliani na wanaosema kwamba kumgawia mama wa kijijini vifaranga ni kumwondolea umaskini. Kwetu Uganda wagawaji hupiga picha, kisha huondoka. Kifaranga wa siku moja asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Nyumba isiyo na umeme, isiyopewa hata jiko la mkaa, italipata wapi? Akinusurika baridi, kideri humngoja. Ugonjwa huo hauna tiba, lakini una kinga: tone la chanjo jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi michache. Basi itangulie chanjo, vifaranga vifuate. Heri tetea mmoja wa kienyeji aliyechanjwa, anayewafunika wanawe kwa mbawa zake, kuliko boksi zima la kuzika.