Ridhaa si Kutolipwa

Mwezi Mei 2025, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, Zhao Xintong wa China alimshinda Mark Williams kwa fremu 18 kwa 12 na kutwaa ubingwa wa dunia wa snuka. Alikuwa mchezaji wa ridhaa wa kwanza kulipata taji hilo, na zawadi yake ilikuwa pauni 500,000.

Hapo ndipo istilahi zetu zinapokwama. Tumezoea kuwagawa wanamichezo mafungu mawili: wa ridhaa na wa kulipwa. Ikiwa wa ridhaa halipwi, fedha hizo zilitoka wapi? Jawabu ni kwamba katika snuka kinachotenganisha ni usajili, wala si malipo. Asiyesajiliwa katika safu ya wachezaji wa kulipwa huhesabiwa wa ridhaa, hata akishinda zawadi nono.

Utata huzidi makundi hayo yanapokutana. Yapo mashindano yanayomkaribisha yeyote apitaye mchujo, wote wakicheza kwa masharti sawa. Yapo mengine ambamo wa ridhaa hutangulizwa kwa pointi kadhaa ili kupunguza pengo. Na katika gofu, mashindano ya mchanganyiko aghalabu huwa na maana nyingine kabisa: mchezaji wa kulipwa na wale wa ridhaa huwa timu moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Sisi hatukubaliani nao. Kijana wa Pemba anayelipa nauli ya boti na ada ya kujiandikisha ana haki ya kujua, kabla hajavuka bahari, atapambana na nani, kwa masharti gani, na kama akishinda atapewa fedha au kikombe tu. Tangazo lenye neno la mashaka huzaa ugomvi mezani.

Rai yetu ni hii. Yale ya masharti sawa yaitwe mashindano ya wazi. Yale yenye pointi za kutanguliza yaitwe mashindano ya mseto. Na neno "wa kulipwa" liwaachie nafasi "waliosajiliwa". Baraza la Kiswahili la Zanzibar, pamoja na wakuu wa michezo, wayapime maneno haya. Wakiyaona hayafai, basi watupe yaliyo bora, ila wasituache bila neno.