Mwenye Nguvu ni Nani Ulingoni?

Juma lililopita, baada ya sala ya isha, mpwa wangu alinijia barazani hapa Mombasa akiwa na karatasi mkononi. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kumwitikia akanikunjulia karatasi yake. Ilikuwa fomu ya kujiunga na vijana wanaofunzwa ngumi. Kijana ana miaka 16, baba yake yuko Arabuni kikazi, na dada yangu amemwambia wazi kwamba yeye hatatia sahihi, akamwulize mjomba.

Wazee wenzangu waliokuwapo hawakuningoja nijibu. Mmoja alimtazama kijana mabega akasema, "Huyu ana mikono mirefu, na ngumi ni mikono." Wa pili akakataa, akasema ngumi ni shingo na kidevu, asiyeweza kulichukua pigo asiingie ulingoni. Wa tatu, aliyekuwa mchukuzi bandarini, akawabishia wote wawili: ngumi ni moyo, na mwenye moyo hashindwi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa jawabu yangu ndiyo iliyokuwa ikingojewa na ile karatasi. Nimelala na swali hilo siku saba, na leo nalileta mbele yenu, wasomaji.

Tuanze na mwili, maana atakayesema kwamba mwili si kitu atakuwa anatuhadaa. Lau uzito hauna maana, wapiganaji wasingepimwa kwenye mizani kabla ya kupangiwa washindani. Urefu wa mkono nao una faida yake: amfikiaye mwenziwe kabla ya kufikiwa amekwisha kupata nusu ya kazi. Mwenye mikono mifupi hana budi kuingia ndani, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini mimi nilizaliwa Lamu, na kabla ya kuona glavu niliona kirumbizi. Waliokulia huko wanaujua mchezo huo: zumari inalia, ngoma zinapigwa, watu wamefanya duara, na wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyenifunza, alikuwa mfupi na mwembamba, lakini wenye misuli walimwogopa. Alitufunza mambo matatu. La kwanza ni miguu, maana nguvu ya pigo hutoka ardhini, ikapanda kiunoni, ndipo ikafika mkononi. Apigaye kwa mkono mtupu anapapasa tu. La pili ni macho: usiitazame fimbo, tazama bega, kwa sababu bega hutoa habari kabla ya fimbo kufika. La tatu ni pumzi, kwani anayezuia pumzi kwa hofu huchoka kabla ya kufanya kazi. Nikiyalinganisha hayo na ngumi, au mieleka, au judo, sioni lililobadilika.

Jambo la nne sikufunzwa kwa maneno. Siku moja kijana mwenzangu alinigonga vidole, watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikamrukia kama mtu aliyeona nyoka chumbani. Nilipigwa mara tatu nisijue fimbo imetokea wapi. Mjomba akanitoa uwanjani, akaninyang'anya fimbo yangu, na sikuiona tena mwezi mzima. Chuoni, mwalimu wetu alipotusomesha ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakumhesabu kuwa na nguvu yule anayewabwaga watu, bali yule anayeitawala nafsi yake wakati wa ghadhabu, mimi nilielewa kuliko wenzangu. Vidole vilikuwa bado vinaniuma.

Anayetaka kuiona hadithi hiyo kwa macho na aitazame filamu ya pigano la Kinshasa, la tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, hajapata kushindwa katika mapigano 40, na katika hayo 37 aliyamaliza kwa kumbwaga mtu. Joe Frazier alimmaliza kwa raundi mbili mwaka 1973, na Ken Norton vivyo hivyo mwaka 1974. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na miguu yake haikuwa tena ile ya ujanani. Ukihesabu nguvu za mkono, Ali hakuwa na lake usiku ule.

Alfanyaje basi? Aliegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwachia mwenziwe apige. Watu wake wa kona walimpigia kelele aondoke kambani, naye hakuondoka. Kila raundi alikuwa akimsemesha Foreman maneno ya kumchokoza, na Foreman akazidi kupiga kwa ghadhabu katika joto la Kongo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika raundi ya 8 mikono ya yule jabali ilikuwa mizito kama maji, na Ali akatoka kambani akamwangusha. Kilichoshinda pale ni akili iliyotulia ndani ya mwili unaopigwa. Aidha hali hiyo haikuzuka Kinshasa. Mwaka 1967 mtu huyo huyo alikataa kwenda kupigana Vietnam, akanyang'anywa taji, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni, na hakubadili neno lake.

Wengi wetu tukifika hapo hukomea, tukasema subira imeshinda, wassalaam. Mimi naona kwamba hiyo ni nusu ya habari. Kujizuia kuna sehemu mbili: ya kwanza ni kuizuia hasira, na ya pili ni kuuzuia ushujaa wenyewe. Hii ya pili ndiyo nadra, na ndiyo inayoua watu.

Mwaka mmoja baada ya Kinshasa, tarehe 1 Oktoba 1975, Ali na Frazier walipigana karibu na Manila kwa raundi 14. Frazier alikuwa amevimba macho hata haoni ngumi zikija, lakini alitaka kuendelea na raundi ya 15. Mkufunzi wake, Eddie Futch, mzee aliyeijua kazi yake, akakataa, akalisimamisha pigano. Frazier alikosa taji siku ile, lakini aliishi miaka 36 zaidi, hadi Novemba 2011. Nauliza: katika kona ile, ni nani aliyekuwa na nguvu zaidi? Ni yule aliyetaka kuinuka, au yule aliyeweka mkono begani mwake akasema basi?

Ali mwenyewe, pamoja na mapenzi yetu kwake, hakuijua hiyo sehemu ya pili. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alijitenga naye mwaka 1977 baada ya kuonya na asisikilizwe. Mwaka 1980, akiwa na miaka 38, alisimama mbele ya Larry Holmes akapigwa hadi mkufunzi wake akalisimamisha pigano baada ya raundi ya 10. Akarudi tena mwaka 1981, akashindwa tena. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba ana maradhi ya Parkinson, nayo alikaa nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Sitasema kwamba ngumi pekee ndizo zilizomletea maradhi yale. Nasema tu kwamba hakuna mwili ulioumbwa kwa ajili ya kupigwa kichwani miaka zaidi ya 20.

Nasi Wakenya tuna msiba wetu. Mwaka 1988 nilikuwa kijana, na tulikusanyika kwenye redio kusikiliza habari za Seoul, ambako Robert Wangila Napunyi alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, akaipatia Kenya dhahabu. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Mji mzima ulijiona una mikono kama yake. Baada ya miaka sita, Julai 1994, katika mji wa Las Vegas, refa alilisimamisha pigano lake katika raundi ya 9. Baadaye alizirai, akapasuliwa kichwa, na siku mbili baada ya pigano alifariki. Alikuwa na miaka 26. Miguu alikuwa nayo, macho alikuwa nayo, pigo alikuwa nalo kuliko wote tuliopata kuwa nao. Moyo ndio usiseme.

Mimi si mufti, wala sijivishi kilemba kisicho changu. Lakini msomaji anapaswa kujua kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1987, liliamua kwamba ngumi kama zinavyopiganwa ulingoni ni haramu, kwa ajili ya madhara yake. Mieleka ya mazoezi isiyo na madhara hawakuikataza. Sioni katika uamuzi huo chuki ya michezo. Naona ni ile sauti ya Futch katika kona, ikisema basi.

Niliyaeleza hayo yote kwa mpwa wangu. Akanijibu, "Lakini mjomba, Ali alikuwa Mwislamu." Nikamwambia naam, nami nampenda, na ndiyo maana nakwambia aliposhinda na aliposhindwa. Fomu ya ngumi sitaitia sahihi. Ya judo au ya mieleka nitaitia siku hiyo hiyo. Katika judo aliyekabwa hupiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na mwenziwe humwachia papo hapo. Kesho wanakutana tena wote wazima. Mchezo unaomfunza kijana kusema nimeshindwa, na unaomfunza mwenziwe kusikia neno hilo, umemfunza jambo kubwa.

Kijana hakufurahi. Niliona taya zikimkaza na macho yakiwa mekundu, lakini hakuinua sauti. Alikunja karatasi yake, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Yule mzee wa bandarini akaniambia, "Mwanao ana moyo." Nami nilikuwa nikimtazama hadi alipokata kona, nikaona kwamba ana kitu kilicho bora kuliko moyo.

Ijumaa tutakwenda pamoja kutafuta mkufunzi. Nina swali moja tu la kumwuliza kabla ya kutia sahihi: mara ya mwisho kumzuia kijana wake aliyetaka kuendelea ilikuwa lini?